UCHAMBUZI: Abstrakti ya polisi ni mlango wa fidia, si fidia yenyewe

IDADI ya watu wanaofariki katika barabara za Kenya ilizidi 4,000 kila mwaka kati ya 2021 na 2024, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Walionusurika wakiwa na mifupa iliyovunjika, ulemavu wa kudumu na madeni ya hospitali ni wengi kuwaliko hao.

Kwa majeruhi hawa, safari ya kudai fidia huanza na karatasi moja: abstrakti ya polisi. Mitaani husemwa kwamba mwenye abstrakti tayari ana pesa mfukoni, na kwamba kilichobaki ni wakili kuandika barua tu. Imani hiyo ni potovu, na kesi nyingi zimeangukia papo hapo.

Abstrakti ni muhtasari. Ajali inaporipotiwa, polisi huinakili katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB, na kuipa nambari. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, humtaka dereva aliyehusika asimame, na iwapo hakutoa maelezo yake pale pale, apige ripoti polisi katika muda usiozidi saa 24. Kutokana na rekodi hiyo afisa hujaza fomu inayoonyesha tarehe na mahali pa ajali, nambari za magari, majina ya madereva na wamiliki, kampuni ya bima, majina ya majeruhi na hatua ambayo uchunguzi umefikia.

Isichanganywe na fomu ya P3. Hiyo hujazwa na daktari kueleza majeraha, na kazi yake hasa ni katika kesi za jinai.

Je, abstrakti huthibitisha nini mahakamani? Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Majaji wa Mahakama Kuu wamesisitiza mara kadhaa kwamba karatasi hiyo huonyesha kuwa ajali iliripotiwa katika kituo fulani. Haithibitishi ilivyotokea, wala nani alikosa. Hata pale afisa alipoandika kuwa dereva fulani ndiye wa kulaumiwa, hayo ni maoni yake, na hakimu hafungwi nayo. Sheria ya Ushahidi humtwika mdai jukumu la kuthibitisha madai yake.

Aghalabu hata maoni hayo huwa hayapo. Mahali pa kuonyesha matokeo ya uchunguzi huandikwa kuwa uchunguzi ungali unaendelea, na maneno hayo hubaki vivyo hivyo miaka mitatu baadaye. Kisha afisa anayefika kizimbani siye aliyefika kwenye ajali. Aliyeandika rekodi amehamishwa kituo. Anayetumwa husoma faili asiyoijua, na akiulizwa lori lilikuwa upande gani wa barabara, hana jibu. Ushahidi wa aina hiyo hauna uzito.

Suala la pili ni umiliki wa gari. Mnamo 1997 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mshtakiwa akikana kuwa gari ni lake, jina lake kuandikwa kwenye abstrakti halitoshi. Mdai alipaswa kuleta cheti kutoka kwa msajili wa magari. Mwaka wa 2013 mahakama iyo hiyo ililegeza kamba. Ilikubali kwamba rekodi ya msajili ndiyo njia bora, ila ikasema kwamba abstrakti ikitolewa mahakamani bila kupingwa, yaliyomo hayawezi kukanushwa baadaye. Anayetaka kulala usingizi afanye yote mawili: achukue abstrakti, na aombe rekodi za gari kutoka NTSA.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika makosa madogo. Chukua mfano wa abiria wa bodaboda anayegongwa na lori usiku huko Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Anakimbizwa hospitalini akiwa hajitambui. Asubuhi magari yameondolewa, mashahidi wametawanyika, na jina lake halimo katika OB kwa kuwa hakuna aliyelijua. Jamaa zake wanapofika kituoni wiki kadhaa baadaye, wanapewa abstrakti yenye herufi moja iliyokosewa kwenye nambari ya lori.

Herufi hiyo moja yatosha kumpeleka mahakamani mtu asiyehusika. Nambari ya bima ikikosewa, madhara ni yayo hayo. Sheria ya bima ya magari kuhusu hasara kwa watu wengine, sura ya 405, huilazimu kampuni ya bima kulipa mdai aliyeshinda kesi hadi Sh3 milioni, mradi iwe imearifiwa kuhusu kesi kwa wakati unaofaa. Arifa ikipelekwa kwa kampuni isiyohusika, majeruhi hubaki na hukumu dhidi ya mwenye gari asiye na chochote. Na saa haisimami: kesi ya majeraha sharti iwasilishwe katika muda wa miaka mitatu.

Kampuni za bima nazo zina kilio chao. Zimelalamika kwa muda mrefu kuhusu majina ya watu ambao hawakuwa ndani ya gari kuongezwa kwenye abstrakti, na kuhusu karatasi ghushi ambazo hazilingani na OB yoyote. Malalamiko hayo yana msingi. Ndiyo maana kuna kitengo maalum cha kuchunguza ulaghai wa bima. Lakini anayeumizwa zaidi na ulaghai huo ni majeruhi wa kweli, ambaye sasa hutazamwa kwa jicho la shaka na kucheleweshewa haki yake.

Mwananchi afanye nini? Kwanza, ajali iripotiwe mapema, na jamaa wa majeruhi wahakikishe kwamba jina lake limo katika OB, kisha waitunze nambari hiyo. Pili, wanaoweza wapige picha za magari, nambari zake na stika ya bima kwenye kioo kabla ya gari kuondolewa, na wachukue nambari za simu za mashahidi. Tatu, abstrakti isomwe neno kwa neno pale kituoni, na kosa lirekebishwe siku iyo hiyo. Nne, stakabadhi zote za hospitali zihifadhiwe tangu siku ya kwanza.

Tano, kesi ya trafiki ifuatiliwe. Sheria husema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai inayompata dereva na hatia ni ushahidi usiopingika kuwa alitenda kosa hilo. Hakimu wa kesi ya madai bado aweza kupima iwapo majeruhi naye alichangia, lakini mdai huwa amepiga hatua kubwa. Dereva akiachiliwa, madai ya fidia hayafi, maana kipimo chake ni chepesi kuliko cha jinai.

Hata hivyo, si haki kumwachia mgonjwa kazi ya upelelezi. Mchoro wa eneo la ajali, vipimo vya barabara na taarifa za mashahidi ndivyo vinavyoeleza nani alikosa, na vyote vimo katika faili ya polisi. Majeruhi hupewa ukurasa mmoja tu. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo huipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Ipo mipaka, hasa uchunguzi unapoweza kuvurugwa. Lakini uchunguzi ambao haujasonga kwa miaka miwili hauna cha kuvurugwa.

Wakuu wa polisi waweke kanuni tatu: uchunguzi wa kila ajali yenye majeruhi uwe na tarehe ya kukamilika, nakala ya mchoro na taarifa itolewe pamoja na abstrakti uchunguzi unapokwisha, na kila abstrakti iweze kulinganishwa na OB, ili ghushi zitambuliwe mapema. Hatua hizo zingewafaa majeruhi, kampuni za bima na mahakama kwa pamoja.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa aliyepoteza mguu barabarani, daftari hilo liko mikononi mwa polisi. Liandikwe sawasawa.