BANDA LA KUKU LIPATE HEWA

Ni familia chache za kambini zisizotamani kuku kadhaa nyuma ya nyumba. Mshahara huja mara moja kwa mwezi, bali yai hupatikana hata tarehe 25. Lakini mabanda mengi tuyaonayo hujengwa kana kwamba kuku ni mahabusu: mabati pande zote nne, mlango mwembamba na kufuli kubwa. Mwenye banda amemkumbuka mwizi, akaisahau hewa.

Aliyepata kuishi katika uniporti, zile nyumba za bati za mviringo walizozijua sana askari polisi wa Uganda, hahitaji kuelezwa joto la saa nane mchana. Naye kuku hana jasho. Hupoza mwili wake kwa kuhema. Afungiwapo ndani ya bati hutweta, hali chakula, na mayai hupungua. Usiku huja adha nyingine. Kinyesi kilicholowa hutoa hewa kali ya amonia, iwashayo macho na kudhuru njia ya pumzi. Chuchumaa mlangoni alfajiri, pua yako iwe katika kimo cha kuku. Ukiona machozi yanakutoka, hao walio ndani wamekesha katika hewa hiyo.

Tuchukue banda la kuku 10. Mita 2 kwa mita 1 na nusu zatosha. Kwa kuwa mstari wa Ikweta unapita Uganda, jua huchomoza karibu na mashariki halisi na kutua karibu na magharibi halisi mwaka mzima. Basi urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile ncha fupi, nazo zizibwe kwa mbao. Pande ndefu zibeni hadi kimo cha goti tu. Juu yake pawe wavu mtupu hadi kwenye paa. Paa litokeze kiasi cha nusu mita kuzuia mvua, na gunia literemshwe wakati wa dhoruba.

Katika wavu, tafadhali msibane fedha. Ule wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii nyoka wala panya asiingie. Sehemu ya chini itakeni wavu wa matundu ya milimita 13, tena ufukiwe sentimita 30 ardhini, maana nguchiro ni mchimbaji hodari. Kufuli liwepo, hatulikatai.

Kila kuku apewe sentimita 20 za kichanja cha kulalia, hivyo mti mmoja wa mita 2 wawatosha wote. Viota viwe viwili, vyenye giza kidogo, navyo viwe chini kuliko kichanja. Kuku hupenda kulala palipo juu. Kiota kikizidi kichanja, watalala humo na kuchafua mayai.

Uga wa mita 4 kwa 5 ugawanywe sehemu mbili. Kuku watumie moja huku nyingine ikipumzika, majani yaote na jua likaushe udongo, kwani vijidudu vya kuhara damu hustawi penye unyevu.

Jambo gumu zaidi kambini ni ujirani. Mdondo ukiingia nyumba moja, mstari mzima waweza kubaki na mabanda matupu kwa muda mfupi. Mara nyingi huingia na kuku wa sokoni, mzima kwa macho. Mgeni huyo akae peke yake siku 14, mbali na uga, na ahudumiwe baada ya wenyeji, si kabla. Chanjo ya I-2, istahimiliyo joto kuliko nyingi za zamani, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Inafaa majirani wapange siku moja na daktari wa mifugo, kwani chupa moja huchanja kuku wengi na ikifunguliwa haikawii kuharibika. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Mwisho, ombeni ruhusa ya mkuu wa kambi kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Na kwa sababu amri ya uhamisho haibishi hodi, ungeni kuta kwa boliti badala ya misumari. Banda la namna hiyo hufunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika lori pamoja na vitanda.