Dereva Aliyelaghaiwa Asilaumiwe

Mji wa Morogoro ni njia panda ya nchi. Pale Msamvu hukutana barabara zitokazo Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na tangu mwezi Juni 2024, treni ya reli ya kisasa ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mlango mwingine wa wageni umefunguliwa. Mgeni anayeshuka hapo, awe mfanyabiashara, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo au mkulima anayerejea kwao Matombo au Mgeta, mara nyingi mtu wa kwanza kushughulika naye ni dereva wa teksi, bajaji au bodaboda. Penye wageni wengi na fedha inayopita mkononi kwa haraka, walaghai nao hawakosekani.

Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania za miaka ya karibuni zimeutaja Mkoa wa Morogoro, pamoja na ule wa Rukwa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli kwa njia ya simu. Hilo halina maana kwamba wananchi wa Morogoro ni walaghai kuliko wengine. Maana yake ni kwamba uovu huu umepata pa kujificha katika mkoa huo, na wanaouonja wa kwanza ni watu wanaoishi kwa kipato cha siku. Leo tunapenda kuwazungumzia madereva, kwa kuwa madhila yao hutajwa kwa mzaha, na mara nyingi wao wenyewe ndio hubebeshwa lawama.

Hila zenyewe si ngeni. Abiria hufika mwisho wa safari, akasema hana fedha taslimu na kwamba atalipa kwa simu. Mara ujumbe huingia katika simu ya dereva ukisema kuwa fedha imepokelewa, tena zaidi ya nauli, na abiria huomba arudishiwe iliyozidi. Dereva hurudisha. Baadaye, akiwa kituo cha mafuta, hugundua kwamba ujumbe ule ulitoka katika namba ya mtu binafsi, na kwamba salio lake ni lile lile la asubuhi. Mwingine hukodi gari kwa mizunguko ya mchana kutwa, akaomba akopeshwe kiasi kidogo ili akamilishe shughuli ndani ya jengo fulani, kisha akaingia kwa lango la mbele na kutokea la nyuma. Mwingine hupiga simu akijifanya mkubwa wa ofisi, akamtaka dereva ampokee mgeni wake Msamvu na amkabidhi fedha ya kujikimu, na kwamba yote yatalipwa jioni. Yupo pia anayetoa pikipiki kwa mkataba, akapokea kianzio na hesabu ya kila siku kwa miezi mingi, na siku deni linapokaribia kwisha mwenye chombo wa kweli hujitokeza na kadi yake mkononi.

Wako wanaosema kwamba hayo ni malipo ya tamaa. Sisi hatukubaliani nao. Dereva ni mfanyabiashara wa aina ya pekee: yeye hutoa bidhaa yake kwanza na hulipwa baadaye. Muuza nguo haruhusu shati litoke dukani kabla ya kuiona fedha, lakini dereva huchoma mafuta yake, hupanda mlima kutoka Sangasanga hadi Nyandira, na ndipo huambiwa, "Subiri kidogo, nakuja." Hana namna nyingine ya kuifanya kazi hiyo. Kuamini ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile usukani ulivyo sehemu ya gari. Mlaghai anaitumia imani hiyo kwa kuwa anajua kwamba dereva hawezi kuikwepa.

Hapa ndipo hasara inapovuka mfuko wa dereva. Katika vijiji vya Uluguru, ambako barabara ni nyembamba na miteremko ni mikali, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la usiku. Mama mjamzito anapozidiwa, jamaa zake humwamsha kijana wa bodaboda, naye hukubali kuondoka kwa ahadi kwamba atalipwa ndizi au mboga zikiuzwa. Dereva aliyekwisha kulaghaiwa mara mbili au tatu huanza kudai fedha mkononi kabla ya kuwasha chombo. Hatuwezi kumlaumu, lakini tujiulize ni nani anayelipa gharama ya tahadhari hiyo. Mlaghai yuko mbali na anakula alichochuma. Anayelipa ni mama yule, ambaye hakumdhulumu mtu.

Sheria hazikosekani. Kwa upande wa Bara, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 302, inakataza kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Wananchi walipanga foleni kwa saa nyingi wakiamini kwamba kuanzia hapo kila namba itakuwa na mwenyewe. Inakuwaje basi dereva anapotoa taarifa ya namba iliyomlaghai, jina linaloonekana ni la bibi kizee wa kijijini asiyejua lolote?

Jibu moja liko kwa mawakala wa kusajili laini. Mwananchi huambiwa kwamba kidole hakikusoma, akibonyeze tena. Kumbe amesajili laini mbili, moja yake na nyingine ya mtu asiyemjua. Ni kweli kwamba kwa kupiga *106# mtu anaweza kuziona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Lakini si haki mzigo wote wa ukaguzi kumwangukia mkulima, ilhali kampuni za simu zinamfahamu kila wakala na kila laini aliyoisajili.

Jibu la pili liko katika namna malalamiko yanavyopokelewa. Mtu aliyepoteza shilingi elfu kumi na tano akienda kushitaki, huonekana kama anayepoteza wakati wa Serikali. Fedha hiyo ni ndogo mezani, lakini kwa dereva ni hesabu ya tajiri, mafuta ya kesho na unga wa watoto. Tena mlaghai hamwibii mmoja. Malalamiko ishirini madogo yakiwekwa katika jalada moja, huonyesha mtandao mmoja mkubwa. Yakitawanyika, huonekana kuwa uzembe wa watu ishirini.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza, ya Morogoro yanatuhusu nini? Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Dereva wa teksi anayesubiri abiria wa boti pale Malindi naye hutoa huduma kwanza, naye hupokea malipo kwa simu, na anayempigia simu akijifanya mkubwa anaweza kuwa popote upande wa pili wa bahari. Jeshi la Polisi ni la Muungano, Mamlaka ya Mawasiliano ni ya Muungano, na makosa yanayoainishwa na Sheria ya 2015 ni makosa Bara na Zanzibar vile vile. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, Namba 6 ya 2018, lakini tofauti hiyo isiwe kisingizio cha jalada kulala bandarini likisubiri kuvushwa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, Polisi wayapokee malalamiko ya madereva bila kujali udogo wa kiasi, na wayaunganishe kwa namba ya simu iliyotumika. Vyama vya madereva navyo viweke daftari la matukio katika kila kituo, ili ushahidi usipotee pamoja na hasira ya siku. Pili, kampuni za simu ziizuie haraka fedha inayolalamikiwa kabla haijatolewa, na wakala ambaye laini zake zinarudia kutumika kwa ulaghai anyang'anywe uwakala na afikishwe mbele ya sheria. Tatu, mikataba ya pikipiki iandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, au sheha kwa upande wa Visiwani, baada ya kadi ya chombo kukaguliwa, na kila malipo yapewe stakabadhi.

Madereva nao wana wajibu wao. Wasiuamini ujumbe, waangalie salio. Ujumbe wa kilaghai waupeleke kwenye namba 15040 iliyotengwa kwa kazi hiyo. Na anayelaghaiwa asinyamaze kwa aibu, kwani ukimya wake ndio mtaji wa mlaghai kwa dereva anayefuata.

Tahadhari ya dereva, hata hivyo, haiwezi kuwa mbadala wa wajibu wa mamlaka. Tukimwachia kila dereva ajilinde peke yake, atajilinda kwa njia moja tu anayoiweza, yaani kuacha kumwamini abiria. Siku hiyo ikifika, mgonjwa wa Kinole au wa Makunduchi atabisha hodi usiku na asifunguliwe. Tunawaomba viongozi wa pande zote mbili wachukue hatua kabla ya siku hiyo.