Kidole cha shangazi na laini asizozijua

Jumamosi iliyopita nilishuka Mikese kumsalimia shangazi yangu. Kabla sijamaliza kunywa maji, akaniambia, "Mwanangu, mtendaji wa kijiji ameniita. Kuna mtu wa mjini anasema nimemtapeli elfu themanini."

Shangazi ana miaka 67. Ni mweka hazina wa kikoba chao, na kutuma pesa kwenye simu bado anamwomba mjukuu. Lakini huyo aliyetapeliwa alikuwa na ujumbe wa muamala, na jina lililoonekana ni la shangazi, yote matatu.

Nikamuuliza laini yake aliisajili wapi. Akasema ni kwa kijana mmoja aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara kuu. "Aliniambia niweke kidole mara nne. Kila nikiweka anasema, haijasoma mama, rudia."

Wazazi wenzangu, mtego uko hapo. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwa hiyo mhalifu akitaka laini, anahitaji namba ya NIDA na kidole cha mtu. Ukiambiwa "haijasoma", huenda ni kweli, na huenda umeshasajiliwa laini ya pili.

Wazee ndio wanaonaswa kirahisi, na sababu mojawapo ni ya kiafya. Jembe, sabuni kali na umri huchakaza mistari ya vidole na kukausha ngozi, hivyo mashine hushindwa kweli kuisoma. Mzee akishazoea kurudia, hashtuki tena. Kabla ya kusajili, anawe mikono, aifute vizuri na apake mafuta kidogo. Kidole kimoja kikigoma, ajaribu kingine. Na kila anaporudia, aombe kuonyeshwa kilichoandikwa kwenye kifaa cha msajili.

Siku hiyo tulipiga *106# kwenye simu ya shangazi, tukafuata maelekezo na kuingiza namba yake ya NIDA. Zilitokea laini tatu. Moja yake, mbili hazijui.

Jumatatu tukaenda mjini Morogoro, kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao husika, tukiwa na kitambulisho chake, tukaomba laini hizo zifutwe. Kisha tukaenda polisi kutoa taarifa na kupewa karatasi. Suala la elfu themanini bado halijaisha, ila sasa shangazi ana cha kumwonyesha mtendaji, na cha kuwaonyesha wenzake wa kikoba ambao walishaanza kunong'ona.

Nawe fanya haya wiki hii:

Piga *106# kwa kila mtandao unaoutumia, kisha fanya hivyo hivyo kwenye simu za wazazi wako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ukaifute.

Sajili laini kwenye duka la mtandao au kwa wakala unayemfahamu, mwenye mahali pa kudumu. Usimsajilie mtu mwingine kwa kidole chako, hata awe shemeji. Ikitumika vibaya, utaitwa wewe.

Usirushe picha ya kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp la kikoba au la shule. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama namba yako ya siri ya pesa ni mwaka uliozaliwa, anayeiona NIDA yako ameiona na hiyo. Ibadilishe leo.

Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu. Utume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma.

Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayechukua taarifa zako anapaswa kukuambia ni za kazi gani. Kwa hiyo mtu akikuomba namba ya NIDA, kumuuliza "ya nini?" si utovu wa adabu.

Nilipoaga, shangazi alikuwa ameshamwita jirani yake aje na simu. Alimwambia, "Njoo tuhesabu laini zako."