MUZIKI UMERUDI, UJIRA JE?



Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, amri ya kutotoka nje usiku ilinyamazisha kumbi za muziki za Embu na Meru. Baa zilikubaliwa kufungua tena Septemba mwaka ule, lakini muziki ulizimwa mapema. Kisha tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta aliiondoa amri ile huko Wang'uru, Kirinyaga, kwa jirani zetu. Magitaa yakalia tena hadi usiku wa manane, nasi tukafurahi.

Lakini tusisahau jambo moja. Kwa miezi 18 na zaidi wapiga muziki wengi walikosa kazi ya usiku na ujira wake, maana hulipwa kwa siku, tena kwa mapatano ya mdomo tu. Mpiga gitaa ni mfanyakazi kama sisi. Basi ndugu wapiga muziki, yaandikeni mapatano yenu na mwenye ukumbi kabla ya kukaza nyuzi, tena mwungane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi wasikilizaji tulipe kiingilio bila kunung'unika.