Nani Ametoa Upepo?



Mwezi huu tutoke jikoni kidogo, twende uani linakolala gari. Najua wengi wetu hatuendeshi, na hilo gari lenyewe, likiwapo, aghalabu ni pikapu ya baba inayobeba mahindi, ndizi na wagonjwa wa kijiji kizima. Lakini siku matairi yanapokutwa chini asubuhi bila sababu inayoonekana, mzigo haumwangukii baba peke yake. Watu wa nyumba hutoka nje wakiwa bado na usingizi, na mtu wa kwanza kusema "huu ni mkono wa mtu" huwa amewasha moto ambao pengine hataweza kuuzima.

Nitasimulia habari ya nyumba moja, bila majina, maana wenyewe wapo na tunaheshimiana. Ni upande wa Tarime, kwenye barabara inayopita Nyamwaga kwenda Nyamongo. Baba alirudi jioni, gari zima. Asubuhi matairi mawili ya upande wa kushoto, la mbele na la nyuma, yalikuwa yamekaa chini. Fundi pancha wa pale senta akayaziba yote mawili. Siku ya tatu tairi la nyuma likakutwa chini tena. Likazibwa. Siku ya tano, lile lile.

Hapo maneno yakaanza. Wiki hiyo hiyo shemeji mdogo alikuwa ameomba gari apeleke mahindi Sirari, akanyimwa. Mama mkwe akasema hana haja ya kuambiwa zaidi. Mwingine akamtaja bibi mmoja jirani, mjane, ambaye siku moja alilalamika kwamba gari linamtimulia vumbi kwenye mihogo yake aliyoianika. Jioni ya siku ya tano ilikwisha kupangwa safari ya kwenda kwa mganga "awaonyeshe".

Mama mwenzangu, usiuone huu kuwa utani. Katika kanda yetu hii ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa panga kwa kutajwa tu kuwa ni wachawi, na sababu ya kutajwa mara nyingine ilikuwa macho mekundu, yaani macho ya mtu aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inahesabu kumtaja mwenzako kuwa mchawi kuwa kosa la kushtakiwa. Na kabla ya sheria hiyo, Kumbukumbu la Torati 19:15 ilikwisha kukataa mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Katika uani ule hapakuwa hata na huyo mmoja.

Mke wa nyumba ile akamwomba mumewe siku moja tu. Kwa mama mkwe alisema kwa upole, "Mama, tumuulize fundi kwanza, mganga hakimbii." Fundi aliitwa nyumbani, afanye kazi yake mbele ya watu.

Kabla sijaeleza walichokiona, tusimame kwenye fikra moja inayowapoteza wengi. Watu husema: jana jioni lilikuwa zima, asubuhi limelala, kwa hiyo kuna mtu amekuja usiku. Inasikika kama hesabu iliyonyooka, lakini sivyo tairi linavyofanya kazi. Mwiba au msumari mdogo ukiingia mchana, wenyewe hugeuka kizibo cha tundu lake. Upepo hutoka kidogo kidogo, pengine saa nane au kumi mfululizo. Tena gari likitembea tairi hupata joto, na upepo wenye joto husukuma zaidi, hata tairi linaloanza kupungua huonekana limejaa linapoingia nyumbani. Kisha linasimama, linapoa. Kwa kila nyuzijoto 10 zinazoshuka, tairi la gari dogo hupungua karibu paundi moja na nusu. Baridi ya alfajiri ya Tarime haiwezi peke yake kulaza tairi zima, lakini lile lililokwisha kutobolewa mchana huonekana wazi kunapokucha. Jeraha ni la mchana. Maiti inakutwa asubuhi.

Turudi uani. Hakuna mwanamke wa Mara asiyewahi kuona tyubu ya baiskeli ikizamishwa kwenye karai la maji, na ya gari haina siri nyingine. Fundi alipoitoa tyubu, yule mama aliona jambo ambalo fundi mwenyewe, kwa haraka zake za senta, hakulijali: viraka vyote viwili na tundu jipya vilikuwa karibu karibu, vinafunikwa na kiganja kimoja. Adui wa usiku, hata awe hodari namna gani, anawezaje kulenga mahali pale pale mara tatu, gizani, kupitia mpira mnene?

Adui alikuwa ndani. Wakaiweka tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa imekaa, valvu ikielekea tundu lake la kwenye rimu, wakapata sehemu ya tairi inayolingana na viraka. Fundi akapitisha kitambaa upande wa ndani. Kitambaa, si vidole, maana vidole hupasuka. Nyuzi zikanasa. Kwa koleo ikatoka ncha ya mwiba, ndogo kuliko punje ya mchele. Mwiba wenyewe ulikwisha kukatika nje siku ya kwanza, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Kila tyubu ilipozibwa na kujazwa upepo, gari lilikandamiza ncha ile nayo ikatoboa upya.

Na kwa nini upande wa kushoto tu? Hilo nalo lilikuwa linasema. Sisi huendesha kushoto, na magurudumu ya kushoto ndiyo yanayokanyaga ukingo wa njia. Mama akatembea kwa miguu kutoka barabarani hadi uani, akiinama. Kwenye kona ya kuingilia alikuta michirizi ya matawi yaliyoburutwa, na miiba ya mgunga imetapakaa vumbini. Matawi hayo yalipita kwenda kuziba pengo la zizi la ng'ombe, lao wenyewe, kwa hofu ya wezi wa mifugo. Aliyeyaburuta ni shemeji mdogo, kwa amri ya baba mwenye gari.

Mama mkwe, nasikia, alicheka mpaka akakaa chini. Safari ya kwa mganga haikutajwa tena, ingawa hakuna aliyesema imefutwa.

Walio upande wa Serengeti, kuanzia Mugumu kwenda Natta, Ikoma na Robanda, wana jaribu kubwa zaidi. Kule kwenye udongo mweusi hustawi mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi wanamokaa sisimizi, ule ambao upepo ukipita kwenye matundu yake hulia kama mluzi. Miiba yake huweza kufikia urefu wa kidole. Kiangazi barabara ikiharibika, madereva huchepuka pembeni kukwepa mashimo, na pembeni ndiko kwenye miiba. Basi ukiona pancha zimezidi miezi hiyo, uliza kwanza gari lilichepukia wapi.

Lakini sitaki mtu adhani kwamba mkono wa mtu haupo. Upo, na una alama zake. Tairi lililotolewa upepo kwa kubonyezwa valvu halina tundu. Lijaze bila kuziba kitu chochote, liache likeshe: likiamka zima, basi ama kuna aliyelitoa upepo, ama valvu ilikuwa imeshikwa na mchanga. Tia tone la mate au povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu. Likitoa mapovu, valvu ni mbovu, na hiyo ni ya kubadilisha kwa fedha kidogo. Angalia pia kama vifuniko vya valvu vimepotea. Vikipotea, usimwite mwenyekiti wa kitongoji, waite watoto. Kifuniko cha valvu ni kitu cha thamani kwa mvulana anayetengeneza gari la waya, na ile sauti ya "psss" ni utamu ambao wavulana wachache sana wameushinda.

Kisu nacho hakifichiki. Mwiba hupita kwenye uso wa tairi unaokanyaga chini; mwenye kisu hutafuta ubavu, ambao ni laini, naye huacha mpasuko ulionyooka. Na matairi yote manne yakilala usiku mmoja, hapo hata mimi nitakubali kwamba miiba haina ushirikiano wa namna hiyo. Jambo kama hilo lipelekwe kwa mwenyekiti na polisi likiwa na tairi lenyewe mkononi, bila jina la mtu. Jina walitafute wao.

Tairi la upepo lilianza kutumika sana kutokana na mahangaiko ya mzazi. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo huko Belfast, na mpira wake wa upepo, aliouandikishia haki mwaka 1888, aliufunga kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mtu wa ng'ombe na watoto, kama sisi.

Kwa mama anayeendesha, au ambaye mume husafiri na kumwachia funguo, machache ya kushika. Legeza nati kabla ya kuinua gari kwa jeki, gurudumu likiwa bado chini. Ukishindwa kwa mikono, simama juu ya spana kwa uzito wako, hiyo ndiyo nguvu tuliyopewa. Weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili. Kwenye udongo mweusi jeki huzama, kwa hiyo gari lisikose kipande cha ubao. Ukinunua tairi, soma tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT ubavuni: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi la zamani sana, hata likiwa na meno mazuri, mpira wake umekwisha kukauka.

Na tairi la akiba lipimwe kila mwezi, asubuhi kabla gari halijatembea, pamoja na mengine. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Mjamzito anapoanza uchungu saa tisa za usiku na hospitali iko Mugumu au Tarime mjini, huo si wakati wa kugundua kwamba la akiba nalo lilikwisha upepo tangu Pasaka.

Matawi ya zizi sasa hupitishwa nyuma, kwenye migomba. Kona ile hufagiliwa kila Jumamosi, na anayeishika fagio ni shemeji mdogo.