Ukungu wa ukutani Bukavu: garanti ya mpangaji isilipie maji ya mlima

Mvua za Septemba zikianza, katika nyumba nyingi za kupanga za Kadutu na Bagira ugomvi ule ule unarudi. Ukuta unatoa madoa meusi, godoro linanuka, watoto wanakohoa usiku. Mpangaji anasema nyumba ni mbovu. Mwenye nyumba anajibu kwamba ukuta ulikuwa mweupe siku ya kuingia, na kwamba ni wapangaji walioharibu kwa kupikia ndani. Siku ya kutoka, garanti inabaki kwake.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita. Familia ya watu wanane haichagui chumba. Inachukua kinachopatikana, mara nyingi kile ambacho wenyeji wa avenyu wamekwisha kukikataa. Halafu inaogopa kulalamika, maana siku ya kulalamika inaweza kuwa siku ya kufukuzwa.

Kabla ya kutafuta mwenye kosa, watu waangalie maji yanatoka wapi, kwa sababu ukungu hauoti pasipo maji. Bukavu ni mji wa vilima. Ili kupata kiwanja, wengi wamekata udongo na kusimamisha ukuta wa nyuma ukiegemea mlima, bila mfereji, bila kitu chochote cha kuzuia maji kati ya udongo na matofali. Mvua ikinyesha, mlima unakunywa na ukuta nao unakunywa. Doa linaanzia chini na kupanda, tena kwenye ukuta ule tu unaogusa udongo. Mabati yakitoboka, doa linaanzia juu. Hayo si kazi ya mpangaji, hata akipiga deki mara tatu kwa siku.

Upande wa pili nao upo. Watu wanane katika chumba kimoja, mbabula ndani, nguo mbichi kwenye kamba, dirisha limefungwa mchana kutwa: mvuke unagonga ukuta wa baridi na kugeuka maji. Doa la namna hiyo linapenda pembe za juu na nyuma ya godoro lililobanwa ukutani. Hapo mpangaji ana sehemu yake: apikie nje panapowezekana, afungue dirisha, asogeze godoro. (Mbabula katika chumba kilichofungwa unaua watu kwa hewa yake yenye sumu, hata pasipo ukungu.) Lakini hakuna anayeweza kufungua dirisha ambalo halikujengwa. Aliyeacha tundu la ukubwa wa daftari asimlaumu mtu kwa mvuke.

Shirika la Afya Duniani, OMS, liligawa kazi hivyo hivyo katika mwongozo wake wa 2009: mwenye jengo ahakikishe ujenzi na matengenezo, anayekaa ndani aangalie matumizi ya maji na kupitisha hewa. Nayo sheria ya mikataba ya Kongo, ya tangu 1888, inamtaka mwenye nyumba atoe nyumba ikiwa katika hali nzuri na aendelee kuitengeneza. Sheria ya Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wako wanaodai sita, kwa ajili ya chumba ambacho ukuta wake unalia.

Ni kweli, si kila mwenye nyumba ni tajiri. Wako wajane wanaokula kwa vyumba viwili tu, na simenti haitolewi bure. Ndiyo maana mapatano yanafaa kuliko makelele: mpangaji achimbe mfereji nyuma ya nyumba, na siku zake za kazi zihesabiwe kwenye kodi. Kupaka chokaa juu ya doa si matengenezo. Wengine wanapaka Agosti, wakati wa kiangazi, halafu wanaonyesha ukuta mweupe kwa mgeni asiyejua mlima uko nyuma yake.

Kwa hiyo anayeingia leo azunguke nyuma ya nyumba kabla ya kutoa dola hata moja. Aguse ukuta chini kwa mkono, anuse pembe, apige picha kwa simu mbele ya mwenye nyumba. Yaliyoonekana yaandikwe kwenye karatasi mbili, wote wawili watie sahihi, shefu wa avenyu akiwa shahidi.