Tamu, Tena Kali

Mwonjaji wa stauti, ile bia nyeusi nzito, akiulizwa ladha yake kwa Kiswahili aghalabu hujibu: tamu, tena kali. Jibu hilo ni la kivivu. Tamu ni muwa, tamu pia ni sauti ya mwimbaji. Kali ni siki, pilipili na hata wembe. Chukua Bourbon County Stout ya Goose Island, Chicago, ambayo hukomazwa katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi wiski, na kileo chake huweza kufikia asilimia 14. Utamu wake ni wa sukari ya kimea ambayo hamira haikuimaliza. Uchungu ni wa shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, kama kahawa chungu ya Mombasa. Pipa nalo huacha harufu ya vanila na ukakasi kidogo ulimini. Huo ukali wenyewe si ladha hasa, bali ni joto lishukalo kooni. Kimea, uchungu, ukakasi: maneno hayo yamo kamusini, na huenda wapika busaa wanayajua kuliko wahadhiri wengi. Anayedai kwamba Kiswahili hakina istilahi za uonjaji na aeleze kwanza ni lini aliyatumia haya yaliyopo.